Nani Alilala Hapa?

Wiki ya kwanza nilipohamia, mama alinipigia simu kutoka Itigi akauliza, "Huko mlipo mko wangapi?"

"Arobaini na mmoja, mama. Na mimi, arobaini na wawili."

"Elfu?"

"Si elfu, mama. Watu."

Kukawa kimya, kisha nikamsikia akimgeukia dada yangu: "Anasema kijiji kizima ni watu arobaini. Hicho si kijiji, hao ni watu wa msibani, tena siku ya tatu, wengi wameshaondoka."

Jina la kijiji chenyewe silitaji. Ukitaja kijiji cha watu arobaini umeshawataja wote mmoja mmoja, na hakuna aliyenituma kumsema. Kipo kusini-magharibi mwa jimbo la Saskatchewan, Kanada, katika ule uwanda wa nyasi wanaouita preri, kusini ya barabara kuu namba 1, mahali fulani kati ya miji ya Moose Jaw na Swift Current. Nilifika Oktoba 2018. Nilikuwa nimepata kazi katika makao ya wazee kwenye mji wa jirani, mwendo wa kilomita thelathini, na mjini kwenyewe hakukuwa na chumba cha kupanga. Kijijini nyumba zilikuwa nyingi kuliko watu. Niliyopangishwa ilikuwa na vyumba vitatu na uwanja wa kulima, na kodi yake ilikuwa ndogo kuliko niliyokuwa nikilipa Regina, mji mkuu wa jimbo, kwa chumba cha kuchangia.

Mimi ni mtoto wa stesheni. Reli ya Kati ilipita kwetu ikielekea Tabora, ikafika huko mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Itigi tunajua maana ya kijiji kukaa kinasubiri treni. Kwa hiyo siku ya pili, nilipouona mstari wa mawe na magugu ukipita nyuma ya nyumba yangu, umenyooka, hauna chuma hata kipande, nilijua ninachokiangalia kabla sijaambiwa.

Aliyenisimulia kilichotokea ni mwanamke wa miaka themanini na sita aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Huko mtu huitwa kwa jina lake la kwanza hata kama umri wake ni wa bibi yako. Mimi mdomo ulikataa. Nikawa namwita Bibi. Akauliza maana yake, nikamwambia ni mama wa mama, na pia ni heshima. Akacheka, akasema hajawahi kupandishwa cheo kwa haraka hivyo. Baada ya mwezi hivi meya naye alikuwa anamwita Bibi, na mwenye karakana, na watoto wawili wa kijiji, kila mmoja akilitamka kwa namna yake. Nadhani wengine mpaka leo wanaamini ndilo jina lake la ubatizo.

Bibi aliniwekea vipande vya sukari juu ya meza ya jikoni, kimoja kimoja, kwa umbali uleule. "Hizi ni stesheni," akasema. Kampuni za reli zilipanga stesheni na maghala ya nafaka kila baada ya kilomita kumi na tatu hadi kumi na sita, kwa sababu huo ndio mwendo ambao mkulima angeweza kupeleka ngano kwa gari la farasi, akapakua, akarudi nyumbani kabla ya giza. Kuna kampuni iliyofika mahali ikaona kutunga majina ni kazi, ikafuata alfabeti tu: Fenwood, Goodeve, Hubbard, Ituna, Jasmin, Kelliher. Ukipita njia hiyo unasoma herufi kama mtoto wa chekechea.

Kwa hiyo kijiji chetu kilipimwa kwa miguu ya farasi. Hilo lilinikaa kichwani. Baba yangu alizoea kutusimulia Operesheni Vijiji ya miaka ya sabini, watu walivyohamishwa na malori kutoka mashambani wakakusanywa pamoja. Sheria ya mwaka 1975 ilitaka kijiji kiwe na kaya zisizopungua 250 ndipo kiandikishwe. Kwetu watu walisogezwa ili wawe wengi mahali pamoja. Kwao walitawanywa. Kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1872, mlowezi alilipa dola 10, akapewa ekari 160, akatakiwa ajenge na alime kwa miaka mitatu ndipo ziwe zake. Kila mmoja akakaa katikati ya ekari zake, akimwona jirani kama nukta. Kijiji kilikuwa mahali pa kuja Jumamosi: ghala, duka, kanisa, posta, shule.

Halafu likaja lori, na kilomita kumi na tano zikawa si kitu. Ikaja trekta kubwa, na mtu mmoja akaweza kulima walikolima kumi. Mwaka 1936 jimbo lilikuwa na mashamba karibu 142,000. Mwaka 2021 yalibaki karibu 34,000, kila moja kwa wastani zaidi ya ekari 1,700. Ardhi yote bado inalimwa, tena vizuri kuliko zamani: ngano, kanola, zao la mafuta ambalo Julai linageuza nchi nzima kuwa njano kama alizeti za Singida, na dengu, ambazo nilizipika sana kwa nazi ya kopo. Nauli nafuu ya kusafirishia nafaka kwa reli, iliyotokana na makubaliano ya mwaka 1897, ilifutwa mwaka 1995, na matawi mengi zaidi ya reli yakang'olewa. Ghala letu la mbao, refu kama minara miwili ya msikiti ikibebana, lilivunjwa kwa asubuhi moja. Marehemu mume wa Bibi alikuwa amelifanyia kazi maisha yake yote. Siku hiyo, aliniambia, walikaa ndani na kufunga mapazia.

Kazini niliwahi kumweleza mwenzangu wa zamu, mama wa Kicree, mmoja wa wenyeji wa asili wa nchi ile, kwamba nakaa kijiji cha zamani sana, kina zaidi ya miaka mia moja. Alinitazama mpaka nikaona aibu. Mababu zake ni miongoni mwa waliotia saini Mkataba wa 4, wa ardhi, na serikali ya Malkia wa Uingereza mwaka 1874, wakati nyati wa uwandani walikuwa wakizidi kupungua. Alisema, "Sisi ndio tulihesabiwa kwanza. Tukaandikwa, tukapewa sehemu ya kukaa, tukaambiwa tusitoke." Kisha akaniomba nimshikie upande wa pili wa shuka. Sijasema tena neno "zamani" mbele yake bila kufikiri.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Kila vuli kijiji hufanya karamu ya bata mzinga katika ukumbi wa jumuiya. Watu wanakuja kutoka mashamba na vijiji vya mbali, mia mbili na zaidi, wanalipia sahani, na fedha hiyo ndiyo inayolipa umeme wa ukumbi mwaka mzima. Nilikuwa na wiki mbili tu pale, mwanamke mmoja akanisimamisha njiani akasema kuna karamu Jumapili, utakuja kusaidia? Nikamjibu kama ninavyomjibu mtu yeyote: "Nitajitahidi."

Msomaji wa Kiswahili ameshaelewa. "Nitajitahidi" yetu ni jibu la adabu. Haimaanishi ndiyo, na hakuna Mtanzania atakayeweka sufuria jikoni kwa ajili yake. Kule ilichukuliwa kama ilivyotamkwa. Jina langu liliandikwa kwenye karatasi ukutani: pai mbili, na kuosha vyombo kuanzia saa kumi na mbili jioni. Jumapili ile nilikuwa nimechoka, nikalala. Jioni nilisikia magari, nikaona taa za ukumbi, nikafikiri moyoni kwamba watu wengi namna ile hawatanikumbuka.

Jumatatu hakuna aliyenilaumu. Waliniinulia kidole kimoja juu ya usukani kama kawaida, ndiyo salamu ya huko. Bibi peke yake, akinimiminia kahawa yao nyepesi kama maji ya kunawia, alisema, "Jana tulikuwa pungufu ya mtu mmoja." Hakuongeza. Baadaye niligundua kwamba yeye, na miaka yake themanini na sita, ndiye aliyesimama kwenye karo mpaka saa nne usiku.

Pale ndipo nilipoanza kuelewa hesabu ya mahali pale. Nilikotoka, mtu asipofika kazi inafanywa na aliyefika, na daima kuna aliyefika. Ukimkosa fundi huyu, kuna mpwa wake. Kijiji cha watu arobaini hakina mpwa. Meya ndiye dereva wa greda la theluji. Karani wa kijiji, anayefungua ofisi Jumanne tu, ndiye anayepiga kinanda kanisani. Mwenye karakana ni zimamoto, ni mjumbe wa baraza, na ndiye anayekwangua barafu ya uwanja ambapo wanacheza ule mchezo wa kusukuma mawe yateleze huku wengine wakifagia mbele yake. Anayekufa au kuhama anakwenda na vyeo vinne. Watu wanadhani kijiji kidogo kina kazi chache. Kazi ni zilezile za mji: maji yapimwe, barabara zifunguliwe, maiti azikwe. Zimegawiwa tu kwa watu wachache.

Mimi nilipewa vyeo bila kuomba. Kwa kuwa nahudumia wazee, jina langu liliingia kwenye orodha ya watu wa kupigiwa simu mtu akianguka. Hospitali nyingi ndogo hazipo tena. Mwaka 1993 serikali ya jimbo ilifunga au kubadili matumizi ya hospitali 52 za vijijini. Mabasi ya serikali yaliyokuwa yakiunganisha miji midogo yalisimama Mei 2017. Gari la wagonjwa linatoka mbali. Nimewahi kukaa chini kwenye barafu saa nane usiku, nimemfunika mzee mablanketi matatu, namshika mkono na kumuuliza majina ya wajukuu wake ili asisinzie, dakika hamsini. Simlaumu yeyote, ukiangalia ramani, dereva alikimbia sana.

Baridi yenyewe sitaisimulia sana, kila aliyekwenda Kanada anaisimulia. Niseme hili moja. Usiku gari linachomekwa kwenye umeme kama simu, kuna kifaa cha kupasha injini moto. Januari yangu ya kwanza nilisahau. Alfajiri ilikuwa nyuzi 36 chini ya sifuri, gari limekufa kabisa, na zamu inaanza saa moja. Nilipokuwa bado nimesimama sebuleni natafuta nani wa kumpigia, mwenye karakana akagonga mlango na nyaya zake mkononi. Nilimuuliza amejuaje. Alisema taa ya jikoni kwangu huzimwa saa kumi na mbili na dakika kumi, na leo ilikuwa bado inawaka.

Hapo kabla nilikuwa nimekasirika sana kwamba watu wanajua saa ninayotoka na saa ninayorudi. Nilishamlalamikia dada yangu: hawa watu wananichunga. Na kweli wananichunga. Walijua mgeni wangu wa Krismasi alilala siku ngapi. Bado sipendi, siwezi kudanganya. Lakini tangu asubuhi ile nami nikaanza kuangalia taa za wenzangu.

Mei 2021 ikaja sensa. Kanada huhesabu kila baada ya miaka mitano. Barua inafika na namba ya siri, unajaza mwenyewe kwenye intaneti, hakuna karani wa kubisha hodi isipokuwa umekaidi. Lakini kwangu karani alibisha, yule wa kijiji, mpiga kinanda, akiwa na barakoa ya korona na amesimama mbali kwenye majani. "Umejaza?" Nikamwambia bado. Akaniambia, kwa upole wa mtu anayedai deni, kwamba mgao wa fedha za jimbo kwa miji na vijiji unapigwa kwa kichwa, na kichwa kinatoka kwenye sensa, na kinakaa miaka mitano. "Wewe ni taa ya barabarani," alisema.

Nilicheka kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kuwa karani wa sensa. Agosti 2012 nilitembea na kizibao na begi la madodoso katika vitongoji vya kwetu, nikiuliza kila kaya nani alilala hapa usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 26. Watu walinikimbia. Waliuliza kama ni kodi. Bibi mmoja aligoma kabisa kutaja idadi ya wajukuu, kwamba watoto hawahesabiwi kwa sauti, akanionyesha ukutani: "Hesabu mikeka." Nilihesabu mikeka. Na leo kijiji kizima kinanisubiri mimi nijihesabu.

Nilipofungua fomu nikakwama. Swali lao si letu. Sisi tunauliza nani alilala hapa: aliyelala ndiye wa hapa, awe mgeni, awe abiria. Wao wanauliza makazi yako ya kawaida ni wapi. Usiku wa kuamkia siku yao ya sensa, tarehe 11 Mei, nilikuwa zamu. Kwa sheria ya kwetu mimi ni mtu wa mjini, wa makao ya wazee, pamoja na wazee ishirini na mmoja niliowageuza ubavu usiku ule. Kwa sheria ya kwao ilinibidi niseme ni wapi kwangu. Nilikuwa nimekuja kwa nia ya kukaa mwaka mmoja tu. Masanduku mawili yalikuwa bado hayajafunguliwa. Nilikaa mbele ya kompyuta muda mrefu kwa swali ambalo majirani zangu walilijibu wakinywa chai, kisha nikaandika anwani ya kijiji.

Nilimsimulia Bibi, naye akanipa kisa cha Monowi, kule Nebraska, Marekani, kijiji chenye baraza la mtu mmoja: Elsie Eiler, meya, karani, mweka hazina, mwenye baa na mtunza maktaba, baada ya mumewe kufariki mwaka 2004. Sensa ya Marekani ya mwaka 2020 ilikipa watu wawili. Hakukuwa na wa pili. Ofisi ya sensa huchanganya kidogo takwimu za mahali padogo ili siri ya mtu isijulikane, na hapo ikajikuta imezaa mtu wa karatasi. Bibi aliona hicho ni kichekesho kizuri kuliko vyote. "Angalau yeye walimwongezea," alisema. "Sisi wanatupunguza."

Jimbo zima lina historia hiyo. Mwaka 1931 Saskatchewan ilikuwa na watu 921,785. Mwaka 2021 ilikuwa na 1,132,505. Miaka tisini! Nchi yangu ilihesabu watu milioni 12 mwaka 1967, na milioni 61.7 mwaka 2022. Nilipomtajia Bibi alinyamaza, kisha akauliza swali la mwalimu, maana alikuja kijijini miaka ya hamsini kufundisha shule ya chumba kimoja: "Na mnawaketisha wapi?" Nilimweleza madarasa ya watoto themanini. Alitikisa kichwa. Shule yake ilifungwa kwa kukosa wanane.

Bibi alivunjika nyonga Novemba 2022, jikoni kwake, mchana. Taa haikuwashwa saa kumi na moja jioni, na meya akaenda kuangalia. Hakurudi tena kijijini. Baada ya hospitali aliletwa kwetu, makao ya wazee, chumba kinachotazama maegesho. Wengine kazini walimwita kwa jina lake, mimi nikaendelea na Bibi. Alipata tabia ya kuamka saa tisa usiku, na kama sikuwa na kengele nyingine nilikuwa nakaa naye.

Usiku mmoja wa Februari upepo ulikuwa unapiga theluji kwenye dirisha. Akauliza, "Nani amelala kijijini leo?"

Tukaanza upande wa reli. Nyumba ya meya, wawili. Nyumba ya kijani, hakuna, wamekimbilia joto la Arizona mpaka Aprili. "Watoe." Mwenye karakana, mkewe, na wale watoto wawili, wanne. Kwa karani wako wawili, lakini mjukuu amekuja na theluji imemzuia kurudi.

"Mhesabu mjukuu," akasema. "Tunafuata sheria ya kwenu."

Tulizunguka mitaa yote mitatu. Alinisahihisha mara mbili. Nyumba moja nilikuwa nimeisahau kabisa, ya mzee asiyewasha taa. Tukafika thelathini na tatu.

"Na nyumba yako?"

"Mimi niko hapa nawe, Bibi."

"Basi tuko pungufu ya wawili," akasema, akavuta blanketi mpaka kidevuni.